Kadi Mbili za Basi

Tangu serikali ya Scotland iwape vijana wa chini ya miaka ishirini na miwili kadi ya kupanda basi bure, mjukuu wangu Mhairi amekuwa haniachi. Kila Jumamosi anatoka Dundee, anashuka hapa Arbroath, anakula samaki wangu wa moshi, kisha anasinzia kwenye kochi. Zamani, alipokuwa analipa nauli, nilimwona Krismasi tu.

Jumamosi hii nilimngoja mlangoni.

"Leo umefuata nini?"

"Nimekufuata wewe, Bibi."

"Mimi au samaki?"

"Wote wawili." Akacheka huku akivua koti.

Mimi sikucheka. "Wakikunyang'anya hiyo kadi, utakuja tena?"

Akajishughulisha na kutundika koti. Nikaona nimemnasa. Nikageukia jiko ili asiuone uso wangu.

"Bibi, na wewe si unayo kadi ya wazee? Unapanda bure tangu utimize miaka sitini. Mimi nimepanga chumba peke yangu huu mwaka wa pili, na hata mlango wangu huujui."

"Magoti, mwanangu."

"Magoti! Na ile kamari yako ya bingo kila Jumanne unaichezea wapi?"

Nilikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Dundee," nikasema.

"Ukumbi wa bingo uko mtaa wa pili kutoka kwangu, Bibi."

Nikazima jiko, nikachukua koti langu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwako. Nataka nione kama kweli unalala peke yako."