Blanketi Katikati Yetu

...naye anasokota kwake, mimi kwangu, blanketi limekuwa kamba nene katikati yetu, maji yanachuruzika miguuni, "Kaza, mwanangu, unalikamua au unalibembeleza?" anasema mama mkwe, nami nacheka kidogo, maana nikicheka sitalazimika kujibu lile alilosema sasa hivi, kwamba kesho anaondoka na mtoto wangu Kibonge, akae kwake mpaka baba yake amalize mitihani, "na wewe upumzike, umekonda kama uzi," akamalizia hivyo kana kwamba nimekubali, kumbe nilinyamaza tu, mimi ni wa kunyamaza tangu shuleni, na watu wakiona nimetulia hudhani sina neno... dirishani mume wangu anakariri kwa sauti masomo yake ya uhandisi, mkazo ndani ya chuma una namba tisa, safu tatu, zinazotazamana kwenye ulalo zinalingana, jana nilimuuliza kwa nini zilingane, akafurahi, akachora kijisanduku, akasema zisipolingana kipande hiki kitazunguka chenyewe kama pia ya watoto, halafu akasema chuma kikitulia usidhani ndani hakuna kitu, kila punje inavutana na jirani yake, ukitaka kujua kwa nguvu gani, kata kwa mawazo, ondoa upande mmoja, uulize uliobaki ulikuwa umeshikwa na nini... basi nakata hapa, katikati ya blanketi, najiondoa mimi, namwacha mama peke yake na kipande chake, vidole vyake vimekakamaa, mishipa imemsimama shingoni, kumbe anavuta sawasawa na mimi, nguvu yake haiwezi kupungua yangu hata kidogo, na ile nyumba yake, kitanda kimoja, redio anayoiacha ikisema mchana kutwa asikie mtu, siku ile tulipomtembelea alimshika Kibonge mpaka tukafika njiani ndipo akanirudishia... nami wiki nzima nilidhani ananiona sijui kulea... "Umesikia lakini, mama Kibonge? Nguo zake nizifungashe leo?" na ndani Kibonge ameamka, analia, kifua changu kinalowa maziwa kabla sijafikiri, hapana, mama, Kibonge haendi, baki wewe, kaa nasi, chumba cha mbele kipo, atakuamsha alfajiri mpaka umchoke, hayo tu, ni maneno machache, mbona mazito hivi... "Wewe binti, nakuuliza!" na maji bado yanachuruzika, yeye kule, mimi huku, nami kwa mara ya kwanza namtazama usoni, nasema, "Mama..."