Sahani ya Kidole

Mdogo wangu ana miaka minne na kilo kumi na tano, na moja kati ya hizo nadhani ni nywele tupu. Tunamwita Kidole. Kila mchana anapakuliwa wali wa mwashi.

Mwashi ni baba mwenyewe. Anarudi kutoka kujenga na njaa ya kumeza matofali, anashika upawa, anasikiliza tumbo lake, kisha anampakulia mtoto. Mama naye anapita nyuma: "Mbona umempunja?" Anaongeza. Halafu inatoka amri: hakuna kunyanyuka mpaka sahani ibaki nyeupe.

Wiki nzima Kidole hajacheza nje. Wenzake walikuwa wakija dirishani, "Kidole, umemaliza?" naye anawajibu kama mfungwa, "Bado!" Jana hawakuja kabisa. Alikaa akilitazama dirisha, wali ukipoa. Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Mama, wewe ni fundi nguo. Gauni la Kidole unalikata kwa kiuno chako?"

"Usinifundishe kulea! Akikonda watasema mimi simlishi."

"Baba?"

"Sisi tulikuwa tunagombania ukoko," baba akasema. "Huyu anaringa."

Basi. Ukuta ungenisikia mapema zaidi.

Leo zamu ya kupika ilikuwa yangu. Nikabandika masufuria mawili. Baba ana kilo tisini. Gawanya kwa kumi na tano, unapata sita. Nikajaza sahani ya Kidole kama wanavyoijaza wao, nikapima sahani sita kama hiyo kwenye beseni, nikaliweka mbele ya baba kwa adabu zote.

"Hiki nini?"

"Chakula chako, baba. Kipimo kile kile cha Kidole, ila kwa mwili wako. Hakuna kunyanyuka."

Mama akaangua kicheko.

"Wewe mama ni mara nne. Lako liko jikoni."

Kicheko kikakatika.

Baba hapendi kushindwa. Akanawa, akaanza. Robo beseni, akalegeza mkanda. Karibu na nusu, jasho. Akalisukuma. "Nimeshiba, jamani."

"Hata Kidole husema hivyo."

 Baba akaitazama ile sahani ya mtoto, haijaguswa bado. "Mwanangu, wewe unataka kiasi gani?"

Kidole akababaika, hajawahi kuulizwa. Akala kijiko, viwili, vinne. Cha tano akakirudisha. "Basi."

Mkono wa mama ulishafika kwenye upawa. Baba akaudaka. "Mwache aende."

Kidole akatoka mbio, hata viatu hakuvaa. Tukamsikia akiita wenzake nyumba hadi nyumba, sauti ikipanda, mpaka mlango mmoja ukafunguka na mtu akapiga kelele, "Kumbe umemaliza!"

Mama akashusha pumzi. Kisha akanigeukia. "Na hili beseni?"

"Aliyepakua," baba akasema, akifungua kifungo cha shati, "hanyanyuki."