Nyama Isiyo na Cheo

"Nisagie kilo tatu," nilimwambia Gachoki mwenye bucha, Jumamosi asubuhi, kabla hata hajamaliza kufunga aproni.

"Sehemu gani, Mama Gatwiri?"

"Zote. Kata kidogo begani, kidogo pajani, kidogo shingoni, na mbavuni pia. Toa mifupa, changanya, kisha saga mara mbili."

Gachoki alinitazama juu ya mzani. "Mara mbili? Kwani unaficha ushahidi?"

"Ndiyo. Na shahidi ni wewe, kwa hiyo nyamaza usage."

Alicheka, lakini mimi nilikuwa natania nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa imenikosesha usingizi wiki nzima, kwa furaha na kwa hofu. Jioni ile baba yangu na baba mkwe wangu wangekaa meza moja, nyumbani kwangu hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu. Mara ya mwisho walipokaribia kula pamoja, mmoja aliishia kukaa ndani ya gari.

Wacha nieleze. Kwetu nyama ya sherehe haigawanywi ovyo kama peremende. Kila kipande kina mwenyewe. Kuna cha wazee, kuna cha kina mama, kuna cha wasichana, kuna cha vijana waliochinja. Kumpa mtu kipande ni kumwambia unavyomwona. Sasa, miaka tisa iliyopita, mimi nikiwa bibi arusi mpya, watu wetu wa Kiritiri walialikwa kwa mara ya kwanza kwa wakwe, kule juu Kibirichia. Baba mkwe, Mzee Kaimenyi, akamwekea baba yangu sahani mwenyewe, kwa mikono yake. Sahani ya mbavu.

Kwa baba yangu, Mzee Njoka, mbavu ni za wanawake. Alisukuma sahani, akachukua kofia, akaenda kuketi ndani ya pikapu iliyotuleta. Alikaa humo saa tatu, kwenye baridi ya Kibirichia, na yeye ni mtu wa Kiritiri anayevaa sweta jua likifichwa na wingu dogo tu. Mzee Kaimenyi naye akaapa kwamba nyumbani kwake mbavu zile ndizo heshima yenyewe, na kwamba alikuwa amerushiwa heshima yake usoni mbele ya majirani.

Tangu siku hiyo, Krismasi tunakula Kibirichia, Pasaka tunakula Kiritiri. Kwenye matanga wazee wetu wanasalimiana vizuri sana, kama makarani wa ofisi mbili, halafu kila mmoja anakula upande wake wa hema. Mimi nilitaka kitu kimoja tu kabla mmoja wao hajawa picha kwenye karatasi ya mazishi. Niwaone wakila chungu kimoja.

Ndipo akili ikanijia. Kama taabu ni kipande, basi tule nyama isiyo na vipande. Nyama ya kusaga haina bega wala ubavu. Haina cheo. Ukiiweka ndani ya mkate, anayekula anajua tu kwamba anakula.

Chombo nilikuwa nacho. Mimi nimeosha vyombo katika hoteli mbili na nikafukuzwa zote mbili kwa sababu ya mdomo wangu. Nimeuza mitumba barabarani hadi mvua ikaifua bila sabuni. Nimelea watoto wa watu Nairobi, na mama yao alipohamia ng'ambo aliniachia sufuria ya stima, nzito kama jiwe, inayopika polepole kwa saa nane. Unaijaza asubuhi, unafunika, unazungusha kitufe, unaiacha. Mume wangu Mwirigi huiita Mheshimiwa, kwa sababu inakaa siku nzima ikitoa mvuke tu na huwezi kujua imefanya nini hadi jioni.

Nilikaanga vitunguu hadi vikawa rangi ya dhahabu, nikamwaga nyama, nikaiponda kwa mwiko. Kila donge nililoliona nililivunja kwa hasira, maana nililiona kama kipande kinachotaka kurudi. Nikaongeza nyanya, hoho, kitunguu saumu, pilipili kidogo, matone ya siki na kijiko cha sukari ili ladha zipatane, kama wazee wangekubali kufuata mfano. Saa tatu kamili vyote vilikuwa ndani ya Mheshimiwa.

"Na stima ikipotea?" Mwirigi aliuliza. Yeye ni karani wa ardhi na kazi yake ni kutabiri migogoro.

"Ikipotea nitakaa juu ya sufuria kama kuku."

Haikupotea. Stima ya Dallas siku hiyo iliona haya. Kufikia saa saba harufu ilikuwa imetoka jikoni, ikapita sebuleni, ikafika uani kwa jirani. Jirani akabisha hodi kuomba chumvi, na ninajua ana chumvi. Binti yangu Gatwiri alifunua kifuniko mara mbili. Mara ya tatu nilimwambia akifunua tena nitamsaga na yeye. Nilikuwa nikiimba. Nilipanga mezani skonzi kumi na nane, mikate midogo ya mviringo, nikazihesabu, nikazihesabu tena, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Saa tisa Mzee Kaimenyi akafika, saa mbili kabla ya wakati, na kijana wa boda nyuma yake amebeba nusu gunia la viazi.

"Nimesikia mnakula mkate," alisema. "Nikaona nije na chakula."

"Karibu, Mzee. Vitapikwa pia."

Alinusa hewa, akaifuata harufu hadi jikoni, akachungulia ndani ya sufuria. "Mukami, hii nyama nani ameitafuna?"

"Mashine, Mzee. Ina meno mengi kuliko sisi sote."

"Kuliko mimi si kazi ngumu," alisema, akanionyesha manne yaliyobaki. Nikajua siku inaanza vizuri.

Saa kumi nikasikia boda nyingine ikisimama langoni, na mlio ambao si wa boda. Nikatoka. Baba yangu alikuwa ameketi nyuma ya dereva, amevaa koti lake jeusi la matanga, na katikati yao, akiwa amefungwa ndani ya gunia hadi shingoni, alikuwapo mbuzi.

Furaha yote ilinishuka hadi kwenye ndala.

"Baba! Si nilisema usilete kitu?"

"Siwezi kuja kwa mtoto wangu mikono mitupu." Alishuka, akamtoa mbuzi guniani, akanyoosha mgongo. "Mwirigi, mwanangu, leta kisu. Tule kitu chenye mfupa."

Nyuma yangu Mzee Kaimenyi alikuwa ametoka na kikombe cha chai mkononi. Walisalimiana vizuri sana, kama makarani. Kisha akamtazama mbuzi, akamtazama baba yangu, akauliza kwa sauti ya chini, "Na akichinjwa, nani atagawa?"

Mwirigi aliangalia viatu vyake. Mimi nilimwona mbuzi yule tayari amekatwa, mguu huku, kidari kule, mbavu kwenye sahani, na baba yangu ndani ya gari jingine kwa miaka tisa mingine. Nilikuwa nimesaga ng'ombe mzima ili kukwepa swali hilo, na sasa lilikuwa limesimama langoni kwangu likila maua ya mwenye nyumba.

"Baba," nikasema, "huyu ametoka Kiritiri leo?"

"Leo asubuhi."

"Kwa hiyo ni mgeni."

"Mgeni namna gani?"

"Ametoka safari, hajanywa hata maji. Sasa Baba, ulinilea hivyo? Mgeni anachinjwa siku ileile anayofika?"

Mwirigi alipaliwa na mate yake mwenyewe. Mzee Kaimenyi alificha uso ndani ya kikombe. Baba alijaribu kukaza sura, ikamshinda, ndevu zikaanza kutikisika.

"Mdomo huu," alisema, "hukuutoa kwangu."

"Basi apewe maji?"

"Mpe maji. Lakini kesho si mgeni tena."

Kesho ni kesho. Nilimfunga mbuzi kwenye nguzo ya tangi, nikarudi jikoni nikikimbia kama msichana.

Saa kumi na moja nilifunua sufuria mbele ya wote. Mvuke ulipanda, na chini yake nyama ilikuwa imelegea, nyekundu, inang'aa, imekubaliana na nyanya hadi huwezi kusema ipi iliingia kwanza. Nilipasha skonzi kwenye kikaango kwa siagi, nikazipasua, nikajaza kila moja kwa upawa mmoja, sawasawa, nikasawazisha ukingoni kwa kisu. Hakuna kubwa, hakuna ndogo. Nilizipanga kwenye sinia moja, viazi vya Kibirichia kando yake kwenye bakuli, nikaweka sinia katikati ili kila mtu ajichukulie. Kumhudumia mtu pia kuna cheo, na mimi nilikuwa nimefunga kila mlango.

Mzee Kaimenyi aliombea chakula. Kwa kawaida sala yake hutembelea jamaa wote hadi walio Marekani. Siku hiyo ilikuwa fupi, maana hata yeye alikuwa ananusa.

Baba alichukua moja. Akafunua mkate wa juu kama fundi anayefungua boneti ya gari, akaangalia, akafunika, akauma. Mzee Kaimenyi akauma. Nilishika ukingo wa meza. Viwiko vyao vilikuwa karibu kugusana, na wote wawili walikuwa wakitafuna kitu kimoja, kutoka chungu kimoja. Baba alimaliza, akachukua ya pili. Mzee Kaimenyi akachukua ya pili. Watoto walikuwa na nyanya hadi masikioni. Nilitamani kupiga vigelegele.

"Tamu," Baba alisema. "Laini. Hii ni ya wapi, bega?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini furaha ilikuwa imenijaa hadi kooni, na mdomo wangu ukafanya yale yale uliyofanya hotelini.

"Ya kila mahali, Baba! Bega limo, paja limo, shingo imo, hata mbavu zimo! Nilimwambia Gachoki asage zote ili mtu asi..."

Nilijikatiza, lakini neno lilikuwa limeshafika.

Baba aliweka sandwichi chini. Ilikuwa imeumwa mara moja tu. "Mbavu," alisema.

Mwirigi alinitazama kwa macho ya karani aliyekuwa ametabiri. Baba alikuwa anapapasa kofia yake magotini.

"Njoka," Mzee Kaimenyi alisema. Katika miaka tisa sikuwahi kumsikia akimwita kwa jina. "Ngoja. Mimi nimekula mbili. Kama ni mbavu, hata mimi nimekula."

"Kwako ni heshima. Ulisema mwenyewe."

"Nilisema, na ni kweli. Ndiyo sababu nilikuwekea." Alifuta mikono polepole. "Lakini nilipaswa kukuuliza. Mkwe, kwenu mzee hupewa nini? Neno moja tu. Sikuuliza. Nilikuwa na nyumba mpya na mabati mapya, nilitaka watu waone ninavyokaribisha wageni. Sikukuangalia wewe."

Baba hakuinua uso.

"Nilikuona ndani ya lile gari," Mzee Kaimenyi aliendelea. "Ulikuwa unatetemeka. Nilichukua blanketi, nikafika mlangoni, nikaona haya, nikarudi."

"Miaka tisa?"

"Kuona haya ni kama viazi vyetu. Ukiviweka gizani haviozi upesi. Vinaota."

Nilitaka kusema kitu na kwa mara ya kwanza maishani mdomo wangu ulikataa. Baba aliweka kofia. Sikuona aliiweka wapi, kichwani au sakafuni, kwa sababu nilikuwa natazama mkono wake mwingine. Mkono ule ulikuwa unasukuma sahani, kama siku ile.

Lakini sahani haikwenda mbali. Ilikwenda upande wa Mzee Kaimenyi na kusimama mbele yake.

"Basi nichagulie," Baba alisema.

"Nikuchagulie nini?"

"Kipande changu. Kwetu mzee hupewa kilicho bora. Sasa umejua. Nichagulie."

Zilikuwa zimebaki saba kwenye sinia, zinafanana kama mayai ya kuku mmoja. Mzee Kaimenyi aliinama juu yake. Aligusa moja, akaiacha. Akazungusha sinia. Akamwambia Mwirigi alete miwani yake kutoka kwenye koti, akaivaa, akaanza tena.

"Babu, zote ni sawa!" Gatwiri alisema kwa kicheko.

"Nyamaza, mtoto. Hapa kuna kazi."

Hatimaye aliinua moja ya kando, akafuta tone la mchuzi kwa kidole gumba, akaiweka kwenye sahani, akaitoa kwa mikono miwili. Baba akaipokea kwa mikono miwili. Akauma. Mchuzi ukatiririka hadi kwenye mkono wa koti la matanga, na yeye hakujali. Alitafuna, alitafuna, meza nzima ikimngoja, kisha akameza na kutikisa kichwa.

"Siyo hii," alisema. "Nichagulie nyingine."

Mzee Kaimenyi akasukuma miwani juu ya pua, akavuta sinia karibu, akaanza upya.