Baraza la Mzee Nuruddin

Ukinunua kitenge kwenye fremu za maduka za Mzee Nuruddin, katikati ya mji wa Geita, hukuhangaika kutafuta fundi. Ulitoka mlangoni na kitambaa chako, ukamkuta Swaumu barazani na cherehani yake, ukapimwa hapo hapo kivulini. Wapita njia nao walilifuata baraza hilo kutoka mwanzo wa jengo hadi mwisho, hawachomwi na jua wala hawagongwi na bodaboda. Mzee Nuruddin mwenyewe aliishi Mwanza na hakujua nani anakaa pale. Swaumu alikuwa amesomesha watoto kwa kile kivuli, na hakuwa na kingine.

Siku moja akatokea binti amevaa kizibao cha kung'aa, ana futi na kamera. Huyu kaja kutufukuza, Swaumu alijisemea. Akafunika cherehani kwa kanga, akamkonyeza Lusia muuza karanga, naye akasukuma beseni lake nyuma ya nguzo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hapa barazani huwa mnakaa kufanya biashara?"

"Wala! Nani akae hapa? Tunapita tu, mwanangu."

"Hata mimi napita," Lusia akadakia. "Nakwenda zangu sokoni."

Binti akashukuru, akaenda zake. Wale wawili wakacheka mpaka machozi, wakagongeana mikono. Maskini, walidhani wamemweza.

Muda si mrefu jengo likavunjwa ili lijengwe jipya. Swaumu hakuogopa sana. Maduka gani hayo yasiyo na baraza? Akawa anashonea nyumbani, vijikazi vya kuungaunga, akisubiri kurudi.

Mabati ya uzio yalipoondolewa, aliona ukuta wa vioo, na mbele yake maegesho ya magari mpaka ukingoni mwa lami. Mwenda kwa miguu hakuachiwa hata pa kukanyaga. Na yule binti alikuwa pale, anakagua.

"Mwanangu, baraza liko wapi?"

Binti akamtazama, akamkumbuka. "Mama, mimi Noela, ndiye niliyechora ramani. Nililichora baraza, pana, lenye paa na nguzo, na mteremko wa kupandishia viti vya walemavu. Lakini wanunuzi wa dhahabu waliopanga humu wanataka magari yafike mlangoni. Mzee akaniuliza, hilo baraza la nani? Ndipo nikaja kwenu, nipate la kumjibu."

"Haliwezi kuongezwa sasa?"

"Zege limeshamwagwa, mama."

Swaumu alirudi nyumbani analia, anajichukia.

Kesho yake akaweka cherehani ng'ambo ya barabara, kando ya mtaro, juani. Lusia akakaa naye. Wateja walitoka kwenye vioo wakaingia garini moja kwa moja, hakuna aliyevuka. Mchana ndipo gari la mgambo wa mji likasimama mbele yao.

"Mama, wewe unakaa hapa?"

Lusia akamkanyaga mguu ili aseme anapita tu. Swaumu akauondoa mguu wake. Uongo ulikuwa umemtosha.

"Nakaa hapa," alisema kwa sauti. "Mimi ni fundi, na kazi yangu naifanyia hapa hapa. Kila mtu ajue."

"Vizuri, umetupunguzia maswali," mgambo akasema, akawaita wenzake, wakaibeba cherehani na kitambaa kikiwa bado kimebanwa na sindano.