Shingo ya Mkuu wa Kaya

Uvumi aliuleta Mama Dhadho kwenye kinu cha mpunga: ati pesa za maafa kutoka serikali kuu zimepunguzwa, na masharti ya boti ya uokoaji yamegeuzwa.

"Zamani maji yakiingia ndani, boti inatoka. Sasa lazima yafike mahali."

"Mahali gani?"

"Mimi nimesikia tu, shoga. Usinitie kwenye maneno."

Likanikaa kifuani neno lile. Nikalala nalo, na usiku wa jana nikaliota.

Mto umevuka kingo. Nimesimama mlangoni, maji yako kiunoni, binti yangu Habona nimembeba mgongoni. Boti inakuja peke yake, haina nahodha. Imevaa tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Tupakie."

"Nimekuja kukagua. Kupakia ni idara nyingine. Mkuu wa kaya ni nani?"

"Ni mimi."

Inanitazama toka juu hadi chini. "Bado hujapata maafa."

"Maji haya huyaoni?"

"Nayaona. Kiuno kilikuwa sharti la mwaka jana. Sasa ni shingo. Ya mkuu wa kaya."

"Yakinifika mimi shingoni, huyu si atakuwa amezama zamani?"

"Huyo mshushe. Anayebebwa ni mzigo, na mizigo imeondolewa kwenye fungu."

Simshushi. Nampandisha kichwani, nachuchumaa mpaka maji yananigusa kidevu. "Haya, shingo hii hapa."

Boti inacheka kwa injini. "Mama, usinichezee. Shingo hupimwa mtu akiwa amesimama."

Mara tuko ofisini. Maji yametufuata. Kwenye kiti cha mkubwa ameketi mto wenyewe, amechoka, anapepewa.

"Baba, rudi nyuma kidogo," namwomba.

"Waliniambia nisubiri bajeti ipite," anasema mto. "Nimejaribu, mama. Siwezi."

"Basi mbadilishe mkuu wa kaya!"

"Ulishajitaja," inajibu boti toka dirishani. "Tulia. Umebakisha vidole viwili tu, kisha tutakuhurumia."

Habona anateleza. Namdaka mguu. Anakohoa maji, na kikohozi kile ndicho kilichoniamsha.

Alikuwa amelala vizuri, mkavu. Nikafungua mlango nipate hewa. Kwenye mwimo wa mlango kuna mstari wa rangi nyekundu ambao jana haukuwapo. Nikaugusa, rangi ikanishika kidoleni. Nikasimama wima: uko sawasawa na shingo yangu. Nikamwita Habona, nikamsimamisha pale. Mstari ulipita juu ya kichwa chake, na nafasi ikabaki.

Kwa hiyo nawaambia kina mama wenzangu wa huku bondeni:

Msingoje boti. Mto ukianza kunguruma, pandeni na watoto ulingoni, pale juu tunapolindia mpunga.

Msimlaze mtoto chini.

Msikubali kupimwa mlangoni, hata na mtu mwenye adabu.

Msimshushe mtoto mgongoni kwa sababu mmeambiwa.

Na akija mtu kuuliza mkuu wa kaya, msijitaje, wala msimtaje baba yao. Mtajeni aliye mfupi kuliko wote. Mimi nikiulizwa leo, ni Habona.