Larisa wa Banda la Video

Larisa Montaldi, mwigizaji wa filamu, mama Mrusi, baba Mwitaliano, anazungumza lugha nne bila kukwama na ana tuzo za kujaza kabati. Hongera zake. Hapa Tunduma hakuna aliyewahi kusikia sauti yake, maana kwenye banda la video nyuma ya soko yupo Edson na kipaza sauti, na Edson ndiye mtafsiri. Kirusi hajui, Kiitaliano hajui, hata Kibemba cha kuuzia sukari ng'ambo ya mpaka, Zambia, kinampiga chenga. Lakini atakosaje maneno, na nyumbani ana mke?

Enesi, mkewe, aligundua siku alipopita kuchukua ufunguo. Akamkuta Larisa kwenye theluji, kavaa manyoya, analalamika kwamba mama mkwe alikuja kutoka Ihanda kwa wiki moja na mpaka mahindi yanavunwa bado yupo. Maneno yake mwenyewe, ya jikoni, ya asubuhi ile!

"Huyu mzungu Mnyiha wa kwetu kabisa!" mtu mmoja alipiga kelele, na banda zima likashika mbavu.

"Si sifa hizo, mke wangu?" Edson alimwambia nyumbani. "Umekuwa staa bila kupanda ndege."

Staa! Haya. Enesi akamwomba kitu kimoja tu. Maneno ya mama mkwe achukue, ya kukoroma achukue, ila ya mtoto asiyaguse. Mimba yao ilikuwa imetoka mwaka uliopita, ikiwa na miezi saba, na aliyoyasema akilia alimwambia mume, hakuliambia banda. Edson akaapa kwa mama yake mzazi. Mama mwenyewe alikuwa sebuleni, anakula.

Jumapili, baada ya ibada, Enesi akaenda kuhakikisha. Akakaa benchi la nyuma. Larisa alikuwa amesimama peke yake kwenye korido ya hospitali, mkono ukutani, hasemi neno. Huko Ulaya, inasemekana, kwa kimya hicho ndiyo walimpa tuzo kubwa. Sasa Edson na kimya wapi na wapi?

"Naota namnyonyesha," Edson akabana sauti ya kike puani. "Naamka gauni limelowa maziwa, mtoto hayupo."

Watu wakacheka. Jamani, walicheka! Enesi akainuka. Akapita katikati ya mabenchi, akamnyang'anya mumewe kipaza sauti. Kwenye kioo Larisa alikuwa anachukua koti, mumewe wa kwenye filamu kamkodolea macho.

"Edson," Enesi akasema, "narudi kwetu Iyula. Usinifuate. Mama yako yupo, atakupikia."

Banda likalipuka kwa makofi na miluzi. Tafsiri tamu kama hiyo hawajawahi kuisikia! Edson naye akacheka, mpaka alipoona pazia la mlangoni linatikisika na Enesi hayumo ndani.

"Mume anajibuje?" watu wakadai. "Tafsiri, kaka!"

Edson akaokota kipaza sauti, akakohoa, akafungua mdomo. Filamu ikaendelea kwa Kirusi.