Kichaka Kisichovaa Skafu

Waridi letu la kwanza liliuawa na baridi. La pili nalo likafa, ingawa mjukuu wangu Ziada alilifunga skafu yake mwenyewe. Alilia, akasema hapandi tena kitu.

Mwezi wa nne nikambembeleza, tukaenda kwa muuza miche hapa mtaani kwetu Bredäng, Uswidi. Nikachagua kichaka cha msituni ambacho Waswidi hukiita olvon. Hakikuwa na hata jani.

"Bibi, umenunua kuni," Ziada akasema.

"Kitendawili."

"Tega," akajibu kwa shingo upande.

"Kikongwe wangu hulala uchi kwenye theluji, wala hapati mafua."

Nikamwambia akwangue gome kidogo kwa ukucha. Chini yake pakaonekana kijani.

"Ni hiki kichaka?"

"Ndicho. Kimezaliwa huku kama wewe. Kinajuana na baridi."

Tukakipanda chini ya dirisha letu, na koleo alilishika yeye. Tulipomaliza akavua skafu yake.

"Hakihitaji, mama," nikamwambia.

"Najua," akasema, akinizungushia shingoni. "Wewe ndiye uliyezaliwa Bukoba."